Mto Elwha Wafunguliwa Njia ya Samaki

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani, kwenye jimbo la Washington, upo mto uitwao Elwha. Si mrefu, wapata maili 45 tu. Watoka katika milima ya Olympic yenye theluji, nao washuka kwa kasi katikati ya misitu minene hata baharini. Watu wa kabila la Klallam wamekaa kwenye mlango wake tangu zamani za kale, na chakula chao kikuu kilikuwa samaki aitwaye samoni.

Samaki huyu ana desturi ya ajabu. Huzaliwa mtoni, penye maji baridi na changarawe, kisha hushuka baharini akakaa huko miaka kadhaa. Akiisha kukomaa hurudi katika mto ule ule aliozaliwa, akapanda kwa kushindana na mkondo ili akatage mayai. Samoni wakubwa wa Elwha walisifika kwa kufikia uzito wa ratili 100.

Mwaka 1913 ulikamilika ukuta wa bwawa la umeme, wenye kimo cha futi 108, maili 5 tu kutoka pwani. Mwaka 1927 ukaongezwa wa pili huko juu, mahali paitwapo Glines Canyon, nao ulikuwa wa futi 210. Umeme wake uliendesha viwanda vya mji wa Port Angeles. Lakini sheria ya jimbo iliyoagiza kwamba samaki waachiwe njia haikutimizwa. Samoni walifika chini ya ukuta wakakwama, na zaidi ya maili 70 za mto na vijito vyake zikawa zimefungwa. Waklallam walikuwa wameahidiwa haki ya kuvua kwa mkataba wa mwaka 1855. Sasa wakabaki na haki pasipo samaki.

Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuurudisha mto katika hali yake. Kubomoa kulianza Septemba 2011, kukaisha mwaka 2014. Kuta zilipunguzwa kidogo kidogo, kwa kuwa nyuma yake yalilala matope na mchanga wa karibu miaka 100. Bwawa la chini lilipokauka, Waklallam waliliona tena jiwe ambalo mapokeo yao husema ndipo walipoumbwa. Mchanga ulioshuka ukafanya ufuko mpya pwani, nao samoni wakapita mahali palipokuwa na kuta.

Uvuvi ulipigwa marufuku tangu 2011 ili samaki wazaane. Mwaka 2023 Waklallam wakavua tena samoni wachache, kwa sherehe na kwa chakula.

Umeme ni kitu chema, na kila nchi yauhitaji. Lakini mwenye kujenga ukuta mtoni na aulize kwanza ni nani apitaye pale, na ni nani amngojeaye huko juu.