Mhusika na Watu Wake

Kwa miaka mingi niliamini kwamba katika michezo ya kompyuta ya kuigiza wahusika, ile ya mapanga, uchawi na majoka, rangi ya mhusika ni pambo tu. Nyumbani kwetu Mombasa, mimi na kaka yangu tukigombania padi, tulichouliza ni nani ana nguvu na nani anarusha moto. Mimi nilimchukua mchawi siku zote, na mchawi alikuwa mweupe mwenye masikio marefu. Sikuona ajabu. Mabishano ya watu kuhusu nani awemo na nani asiwemo niliyapita kama kelele za wasio na kazi. Leo siwezi kuyapita.

Kilichonigutusha kwanza ni jedwali la namba. Katika The Elder Scrolls IV: Oblivion, mchezo wa kampuni ya Marekani ya Bethesda uliotoka 2006, kila taifa la kubuni huanza na alama zake. Redguard, watu weusi wa nchi ya Hammerfell, mashujaa wa upanga, walipewa akili 30. Breton, weupe wenye kipaji cha uchawi, walipewa 50. Haki isemwe: Nord, weupe wa kaskazini, nao walipewa 30. Lakini mweupe asiyeridhika na Nord alikuwa na Breton na Imperial wa kuchagua. Sisi tulikuwa na Redguard peke yao. Taifa moja likibebeshwa watu weusi wote, kila namba yake inageuka hukumu. Na namba haikui yenyewe kama magugu. Kuna mtu aliyekaa mezani akaiandika.

Tangu hapo nikaanza kufuatilia. Skyrim, mchezo uliofuata katika mfululizo huo mwaka 2011, uliziondoa alama za akili na nguvu kwa mataifa yote. Dungeons & Dragons, mchezo wa kete wa 1974 ambao umezaa karibu yote haya, nao ulibadilika: mwaka 2020 wachapishaji wake walikiri hadharani kwamba orc na drow, mataifa yake ya kubuni, walielezwa kwa maneno yanayokumbusha jinsi watu wa kweli walivyodhalilishwa. Katika kitabu chao cha 2024, alama hizo hazitokani tena na asili ya mhusika bali na maisha aliyoyapitia kabla ya safari. Mchezo haukuharibika. Wachezaji bado wanatupa kete.

Ugomvi ulionifunza zaidi ni ule wa The Witcher 3, mchezo wa Poland wa mwaka 2015. Mwandishi wa Afrika Kusini, Tauriq Moosa, aliandika kwamba ulimwengu mpana kiasi kile haukuwa na binadamu asiye mweupe. Alishambuliwa kwa matusi hadi akaacha Twitter kwa muda. Waliopinga hoja yake kwa adabu walisema hizi ni ngano za Waslavi, waachiwe wenyewe. Hoja hiyo naiheshimu. Poland ilifutwa kwenye ramani kuanzia 1795 hadi 1918. Watu waliopitia hayo wana sababu ya kukumbatia hadithi zao. Ila kumtukana mtu kwa sababu ameuliza aliko hakulindi ngano ya mtu yeyote.

Nikawa nawatafuta watu weusi katika kila mchezo. Vivienne wa Dragon Age: Inquisition, wa 2014, alinifurahisha kupita kiasi: mwanamke mweusi, mchawi mkubwa, mwerevu wa siasa za ikulu, asiyemwomba mtu radhi. Nilidhani nimefika. Lakini baada ya muda nikatamani kujua wazazi wake, na sikukutana nao popote mchezoni. Sura nilikuwa nayo. Watu wake sikuwaona.

Kisha Aprili 2024 ukatoka Tales of Kenzera: Zau. Si mchezo wa kuigiza wahusika hasa. Ni wa kuruka na kupigana. Uliongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na baba yake. Zau, mganga kijana, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, kumdai baba yake arudishwe. Na sauti zake unaweza kuziweka kwa Kiswahili. Nilipoziweka, mama yangu, ambaye hajawahi kuangalia gemu hata mara moja, alitoka jikoni na kuuliza, “Mwanangu, huyu kijana kafiwa na nani?” Nikamwambia. Akavuta kiti. “Basi na alie,” akasema, “mbona anapigana tu?”

Mama hakuuliza rangi. Zau ana baba, ana msiba, ana wahenga wa kuwaogopa, na ngozi yake imekuja pamoja nao. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakitaka. Hata hivyo Salim amesema wazi kwamba yeye na wenzake walitukanwa kwa ubaguzi kwa sababu ya mchezo huo.

Siku hizi nakaa na vijana wanaobuni mchezo wa Fumo Liyongo, shujaa wa utenzi wa Kiswahili, na mabishano yale yale yametufuata. Saada, mjakazi aliyempelekea Liyongo gerezani mkate wa wishwa wenye tupa ndani, kwenye michoro yao ya kwanza hana sura. Wasanye, ambao katika utenzi wanaahidiwa fedha na mfalme wa Pate ili wamwue shujaa, wamechorwa wote sawa, kundi la kufyekwa kwa mishale. Nao Wasanye ni watu walio hai, jirani zetu, wenye watoto watakaoucheza mchezo huu. Nimewaomba mchezaji aweze kumchagua Saada, na Wasanye wapewe majina, nyumba na sababu zao. Mmoja ananiambia gemu bila adui hainogi. Nimemjibu adui awepo, lakini tujue amelelewa na nani. Michoro mipya ya Saada imeshaanza.