Jua la Kununua

Mama yangu kule Tanga hana jina zuri la mjusi. Yule wa ukutani ni mjusi kafiri, na dawa yake ni kandambili. Nilipomwambia kwenye simu kwamba hapa Leeds tunafuga mjusi, na kwamba mjusi mwenyewe ana taa zake, alinyamaza kidogo. Kisha: "Yaani mwanangu, unamnunulia mjusi jua?"

Ndiyo, mama. Namnunulia.

Ni wa mwanangu, mjusi wa ndevu, asili yake nyika kavu za bara la Australia. Alikuja mdogo, hazidi kalamu kwa urefu. Aliyetuuzia alitupa kizimba cha kioo na jiwe la umeme, unalichomeka linapata moto, akasema linatosha. Siku ya tatu mjusi alikuwa mweusi, kajilaza, nyenje wanampanda mgongoni na yeye hata kope hatingishi.

Mimi na wewe tukila wali, tumbo linasaga tu, uwe Tanga au Leeds. Mjusi hatengenezi joto lake. Akiwa wa baridi, chakula kinakaa tumboni mpaka kinaoza. Daktari wa wanyama alitutoa jiwe lile siku hiyohiyo: porini joto hutoka juu, na mjusi akilalia kitu cha moto anaweza kuungua tumbo kabla hajashtuka. Akataka balbu juu ya gogo, upande mmoja tu wa kizimba. Pale kwenye gogo ifike nyuzi 40 au zaidi kidogo, upande wa pili ibaki 25 hadi 28, ili mnyama achague mwenyewe. Kizima kikiwa 40, hana pa kukimbilia. Halafu taa nyingine ya miale ya UVB, maana bila hiyo mifupa ya mjusi mchanga hulainika, na jua la dirishani halisaidii kitu. Kioo kinaizuia miale hiyo.

Kiswahili kina neno tayari kwa kazi ya balbu ile: kuota jua. Mwanangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuungaunga, alidhani ni taa ya kuotea ndoto. Sikumsahihisha.

Sasa hesabu. Balbu ya wati 75 ikiwaka saa 12 inakaribia uniti moja ya umeme, na mita yetu ni ya kulipia kabla, ndugu yake LUKU. Usiku wa Januari chumba kinashuka mpaka 14, kwa hiyo kuna na balbu ya kauri, inayotoa joto bila mwanga, na themostati ya kuiwasha na kuizima. Hita ya sebuleni naizima saa mbili usiku, najifunga kikoi juu ya sweta. Mama hakuuliza kwa mzaha. Anajua pesa yake ya mwezi inatoka mfuko uleule. Haijapungua, lakini nilikaa na kalamu nikaipigia hesabu, na hilo sikumwambia.

Siku ya tano mjusi alipanda gogoni, rangi ikarudi ya mchanga, akaachama mdomo kama wanavyofanya joto likiwatosha. Jioni alikula.

Mtoto ana kipimajoto na daftari. Jana kaandika: gogoni 41, pembeni 27, nyenje 20 wameliwa. Chini yake, hakuna aliyemtuma, sebuleni: 15.