Nguo Ilipimwa kwa Udongo

Mpwa wangu aliiona picha iliyokuwa imewekwa ndani ya Biblia ya marehemu mama: wanawake wanne wamesimama nje ya kanisa la Sagalla, mikoba mkononi, marinda yamenyooka, nyuso zimepakwa poda. Akaicheka kwanza, kisha akauliza, "Lakini shangazi, si nyinyi mlikuwa mkivaa tu chochote kilichopatikana?" Kabla sijafungua mdomo simu yake ikalia. Mzigo wake wa vipodozi ulikuwa umefika stendi kwa basi la Nairobi. Akatoka mbio, na swali lake akaniachia mimi nilale nalo.

Sisi tuliopata rinda moja kwa mwaka ndio tuvae chochote? Mwenye marinda ishirini ndiye anayeweza kuvaa chochote, maana likimharibikia moja analitupa na kuchukua jingine. Mwenye moja huchagua, tena huchagua kwa ukali.

Anayeijua Voi, mji ulio chini ya mlima wetu wa Sagalla, anaujua udongo wake. Ndovu wa Tsavo ni wa kijivu kama ndovu wa kwingineko. Huo udongo ndio unaowafanya wawe wekundu katika picha za watalii. Sasa mwanamke wa Sagalla alikuwa akiteremka mlima kwa miguu na ndizi au maembe kichwani, anashinda sokoni Voi katika vumbi hilo, halafu anaupanda tena mlima jioni akitoka jasho. Maji ya visima huko bondeni yana chumvi, sabuni ya mche unaisugua mpaka mkono unauma na povu halitoki. Nguo ilikuwa na mahakimu watatu basi: udongo, jasho na maji ya chumvi. Iliyopita mbele ya hao wote ndiyo iliyoitwa rahisi, hata kama mama aliuza mikungu ya msimu mzima kuipata. Iliyoshindwa ilikuwa ghali, hata ingekuwa ya bure.

Mama alinunulia kitambaa katika duka la Mhindi mmoja mjini Voi. Watu wote walimwita Bai, na sidhani kama kuna mtu wa Sagalla aliyewahi kulijua jina lake hasa. Duka lilikuwa la giza. Ukitoka juani ilibidi usimame kidogo mlangoni mpaka macho yazoee, na kabla macho hayajaona chochote pua ilikuwa imekwisha kupata habari zote: majora mapya yenye uwanga, nafthalini, mafuta ya taa yaliyouzwa upande wa pili kwa pampu, na udi uliokuwa ukifukizwa mbele ya picha ya mungu wake juu ya rafu. Mpaka leo mtu akifungua sanduku lenye nafthalini mbele yangu, nahisi kama nimesimama pale, kidevu kimefika ukingo wa meza.

Majora yalisimamishwa ukutani kama watoto wa shule gwarideni. Kaniki na bafta chini, amerikani na drili katikati, juu kabisa zile za maua ambazo Bai alizishusha kwa mti wenye ndoano. Alikuwa na wari wa mbao ulioliwa ncha, na serikali ilipotuhamishia kwenye mita aliuweka wa mita kando yake na kuendelea kupimia ule wa zamani. Akipima alikivuta kitambaa kidogo, kila mara kidogo tu. Mama alimwekea mkono juu ya kitambaa na kumwambia kwa upole, "Bai, wacha kilale. Ukikivuta hapa, kwangu kitarudi." Bai alicheka, akakilaza, akapima upya, na mwishoni akaongeza upana wa vidole vinne ili wasigombane.

Lakini kabla ya kufika huko kulikuwa na mtihani. Kwanza mama alikikwaruza kitambaa kwa ukucha. Ukianguka unga mweupe, basi uzito wote ule ni uwanga, na ukikifua mara mbili utabaki na chandarua. Pili alilowesha pembe ya leso yake kwa mate akaisugua juu ya ua jekundu. Leso ikitoka nyekundu, mazungumzo yameisha. Tatu, na hii ndiyo niliyoipenda, alimwambia Bai achomoe uzi. Bai aliuchomoa ukingoni, akaushika kwa kibano, akauwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba uliwaka taratibu, ukanuka karatasi, ukaacha jivu laini ambalo mama alilivuruga kwa kidole. Uzi wa kiwandani ulijikunja ukaukimbia moto, ukatona, ukawa kidonge kigumu cheusi. Mama alikibana kile kidonge kwa meno ya mbele, akakirudisha mezani. Hakuwa na cheti cha kitu chochote, na sijapata kuona mtu aliyemdanganya kwa kitambaa.

Tukishakinunua tulikiloweka usiku kucha kabla ya kumpelekea fundi aliyekuwa na cherehani yake ya Singer kwenye baraza ya duka lilelile. Kikirudi kirudi sasa, kabla hakijawa rinda. Mshono uliachiwa upindo mpana ndani, pindo la chini likakunjwa mara mbili, kwa sababu mimi nilikuwa nakua na nyuma yangu wako wadogo wawili.

Kilichomweka Bai katika njia iliyonyooka si uchaji Mungu. Ni Jumapili. Wamishonari wa CMS walifika Sagalla mwaka 1883, na mimi nilipopata akili Jumapili ilikuwa siku ya kukaguana nguo sawa na ilivyokuwa siku ya ibada. Baada ya kanisa akina mama walisimama kivulini na aliyevaa kipya alitoa ripoti. Hakuulizwa kama kimempendeza. Hilo kila mtu alikuwa analiona. Aliulizwa: umekifua mara ngapi? Kimerudi? Kinashika vumbi? Ukikaa nacho garini kinakunjamana? Mmoja akisema, "Yale maua ya njano ya Bai msiyaguse, yamenitokea mpaka kwenye kamisi," basi lile jora litasimama ukutani mpaka liliwe na panya. Bai alizipata habari hizo Jumatatu asubuhi. Safari nyingine akienda Mombasa kuchukua mali, hakulirudia.

Krimplini, ile nguo ya uzi wa kiwandani, ilitufikia wakati huo. Dada yangu anashikilia ilikuwa 1973, kwa sababu ndiyo aliyoolewa nayo jirani yetu. Mimi naona ilikuwa baadaye, maana nakumbuka nikiwa tayari naandika kwa kalamu ya wino. Tumepekua vyeti, tukapata vya ubatizo, cha ndoa hatukukipata. Tuseme miaka ya sabini. Krimplini ilikuwa mwujiza. Haikunjamani, haitaki pasi ya makaa, haichujuki, unaifua jioni asubuhi imekauka, na udongo wa Voi ukiikung'uta unadondoka. Lakini jua la saa saba pale sokoni! Jasho halikuwa na pa kutokea. Hukumu ya akina mama ilitoka mapema: haichakai, ila humchakaza aliyeivaa. Ikawekewa harusi na Krismasi. Mama aliacha moja kabatini ambayo hata leo ungeivaa, kama una moyo huo.

Leso ndiyo haikuwahi kuhukumiwa, kwa sababu ilishinda kesi kabla sisi hatujazaliwa. Za kwetu zilitoka Mombasa, Biashara Street, na mama alitafuta kwanza ukingoni yale maandishi ya "Mali ya Abdulla", alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887. Leso ilianza na kwenda kanisani na matangani. Ikipauka ikawa ya kubebea mtoto. Ikichanika ikawa ya jikoni, kisha ngata ya kubebea ndoo, kisha tambara la kufutia taa. Hesabu bei yake kwa miaka hiyo yote uniambie ni nguo gani dukani inayoishinda.

Haya, uso. Mpwa wangu anadhani tulizaliwa na nyuso kavu tukazeeka nazo. Tulijipaka mafuta ya nazi yakipatikana, na yasipopatikana tukajipaka yale ya kukamulia ng'ombe. Kopo la Arimis lina picha ya ng'ombe na kila mtu anaiona, na kila mtu amejipaka. Upepo wa Sagalla wa Julai unapasua visigino, na ile ilikuwa dawa. Wanja tulijifunza kwa wanawake Waislamu wa mjini Voi, waliokuwa nao wa asili kutoka pwani. Kasoro ilikuwa poda. Ilikuja ya rangi moja, na rangi hiyo haikuwa ya mtu yeyote niliyemjua. Wale wanne kwenye picha nyuso zao zina kijivu fulani, na si kosa la mpiga picha. Walijua. Walijipaka kwa sababu poda ilionyesha kwamba leo mtu hakwenda shamba.

Kisha yakaja ya kujichubua. Hapo sina kumbukumbu tamu. Vijisabuni na vitubu vidogo vilivyouzwa kwa kificho, vyenye zebaki au haidrokwinoni, na kwa mara ya kwanza ile mahakama ya kivulini ikanyamaza, maana hakuna aliyekubali kwamba anatumia. Uso ulitakata miezi michache, vifundo vya vidole na masikio yakabaki vilevile, halafu jua la Voi likafanya kazi yake na mashavu yakaingia mabaka meusi yasiyotoka. Sumu hizo zilipigwa marufuku nchini miaka mingi iliyopita. Nenda sokoni leo uulize kwa sauti ya chini.

Miaka ya tisini milango ikafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota. Sitaisema vibaya. Robota likikatwa kamba asubuhi, wanawake wa Sagalla walikuwa wameshafika, na ile elimu ya duka la Bai ikapata kazi upya. Mama aliziruka za kumeremeta, akaenda moja kwa moja kwenye mshono wa ndani. Alipata pamba nzito za Ulaya kwa bei ya mikate miwili. Walioweza kuamka mapema walichagua "kamera", zile bora, waliochelewa wakafagia mabaki. Lakini viwanda vilivyotuvisha, Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret, vikafa katika miaka hiyo, na mitumba haikuwa sababu peke yake ila ilishika jembe la kaburi. Fundi wa barazani akabaki kupunguza viuno vya suruali za Wazungu. Bai akafunga duka. Wengine wanasema alikwenda kwa mwanawe Uingereza. Sasa panauzwa simu.

Yaliyofuata ni ya juzi, hayana haja ya kurefushwa. Kulikuwa na Nice & Lovely, losheni ya kiwanda cha nyumbani iliyomfikia mwanamke wa soko kwa bei yake, hata L'Oréal ya Ufaransa ikaja kuinunua mwaka 2013. Machi 2020 mitumba ikazuiwa kwa ajili ya korona, ikaruhusiwa tena Agosti, na kwa miezi hiyo tukaona jinsi tulivyokuwa uchi. Mwaka 2022 Fenty Beauty ikafika Kenya, na ina rangi za ngozi zaidi ya arobaini, ikiwamo ya kwangu na ya mama. Hapo nakubali bila ubishi: vijana wamepata poda ambayo sisi hatukuipata. Bei yake ndiyo inayowapeleka kwenye ile ya bandia, chupa ileile, jina lilelile, na ndani Mungu anajua.

Jioni mpwa wangu alirudi na mzigo wake, akanifungulia simu nimwone msichana anayewashauri wanunue nini. Msichana mzuri, ana maneno. Amevaa dera, anazunguka mbele ya kamera, anasema ni laini, ni rahisi, mia tano tu, mkimbilie kabla haijaisha. Nikauliza ameifua mara ngapi. Mpwa wangu akasema ameletewa leo asubuhi. Na nani kamletea? Mwenye duka. Kalipwa? Akainua mabega.

Hiyo dera naijua. Mpwa wangu anayo kama hiyo; nilichomoa uzi wake nikauwasha, na kidonge cheusi kikadondokea kisahanini. Mwaka mmoja itakuwa imetoa vifundo makwapani, rangi imeganda kwenye mikunjo, na huwezi hata kuifanya tambara kwa sababu hainywi maji. Bai alikuwa mfanyabiashara mjanja kama mwingine, lakini alilala akijua kwamba Jumapili inakuja. Msichana wa kwenye simu hana Jumapili. Akikusifia uozo leo, wewe uliyeungua uko Sagalla, mwingine yuko Bungoma, hamkutani kivulini, naye kesho anasifia kingine.

Nimemwambia mpwa wangu aanze yeye. Ana simu, ana wasichana wenzake, na kanzu zangu mbili za mitumba atazipata bure za kujifunzia. Aivae dera yake miezi sita, aifue kwa maji ya kisima, aianike juani, apande nayo mlima siku ya vumbi, halafu awaambie wenzake alichokiona, kwa jina la duka na bei yake. Amesema hakuna atakayetazama kitu cha miezi sita. Huenda. Nimempa kiberiti hata hivyo.