Mteremko Unaopanda

Hapa Kampala bado nasikia watu wakisema kwamba Kiswahili ni lugha ya askari, ya kuamrisha na kutishia. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kiwe somo la lazima shuleni, lakini maneno hayo hayajakoma. Kwa hiyo binti wa jirani yetu Wandegeya, aliye Senia ya Tatu na anayekisoma shuleni, aliponiletea swali la hesabu, nilikataa kulijibu kwa Kiingereza. Msamiati ilibidi niutafute, kwani hata Tanzania somo hili sekondari hufundishwa kwa Kiingereza.

Mstari unapita nukta (0, 0) na (3, 2). Tafuta mteremko wa mstari unaoukata kwa pembe mraba.

“Kaka, mbona mnauita mteremko na mstari unapanda?”

Swali hilo lilinipendeza kuliko lile la kitabuni. Kwa anayeshuka kutoka Makerere kuja Wandegeya, njia ni mteremko. Kwa anayerudi bwenini usiku na rolex yake mkononi, ni mlima. Njia ni ile ile. Hesabu imekata shauri: tusome kutoka kushoto kwenda kulia, tukipanda ni chanya, tukishuka ni hasi. (Mimi ningependelea neno mwinamo, maana mtu huweza kuinama upande wowote.)

Tukachora kwenye daftari la miraba. Kutoka sifuri, hatua 3 kulia, 2 juu: mteremko 2/3. Nikamwambia aigeuze pembetatu hiyo robo mzunguko, kinyume na mwendo wa saa. Zile hatua 3 za kulia zikasimama, zikawa 3 za juu. Zile 2 za juu zikalala, zikawa 2 za kushoto. Akahesabu mwenyewe: 3 kugawanya kwa hasi 2, yaani −3/2. Kanuni alikuwa ameikariri tangu zamani, kwamba miteremko hiyo miwili ikizidishwa huleta hasi 1. Sasa aliona inakotoka: namba hupinduka kwa kuwa kupanda na kwenda kando vimebadilishana kazi, na alama hubadilika kwa kuwa kimoja kimegeuza mwelekeo.

Akajaribu mstari uliolala, wenye mteremko sifuri. Unaoukata umesimama wima, nao hauna mteremko, kwani huwezi kugawanya kwa sifuri. Kanuni imegoma, pembe mraba ipo pale pale.

Baadaye nikamsikia uani akimweleza mdogo wake kwa Kiluganda, ila “hasi” na “pembe mraba” akayaacha kama yalivyo.