Lori la Maji na Samaki wa Nyumbani

Ikiwa wafuga samaki wa mapambo hapa Nairobi, usidhani adui yao mkubwa ni paka. Ni ile wiki mfereji unapokauka na lori la maji kuingia plotini.

Maji mengi ya mfereji hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a. Ni laini, sabuni hutoa povu upesi. Ya visima virefu vya jijini aghalabu huwa na magadi na floridi tele. Sisi huonja tofauti hiyo kwenye chai. Samaki, maskini, huihisi mwili mzima.

Sababu yenyewe ni hii. Kinyesi cha samaki hutoa amonia. Viini vinavyoishi kwenye changarawe huigeuza kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, kisha naitreti, ambayo mimea huila kama mbolea. Tangi jipya huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 ndipo viini hivyo vitoshe. Sasa basi, katika maji yenye uchachu kidogo, amonia iliyosalia haidhuru sana. Mimina maji ya magadi kwa ghafla, nayo hugeuka sumu kali papo hapo. Ndipo utaona maji yanameta kama kioo, ilhali samaki wanaelea matumbo juu, na lawama zote kwa aliyewauza!

Binti yangu wa miaka 12 ana tangi la lita 60 na gapi mmoja alikuwa karibu kuzaa. Siku ya nne bila mfereji, maji yalianza kunuka. "Baba, tukingoja watakufa. Tukitia ya lori je?"

Nilimwambia achote lita 6 tu kila siku, ajazie ya lori polepole, na chakula apunguze nusu. Gapi huvumilia maji ya magadi wakizoeshwa. Hata valisneria, ule mmea wa majani marefu kama utepe, hustawi humo. Kila asubuhi binti alihesabu samaki kabla ya kupiga mswaki. Gapi alizaa siku ya sita.

Mfereji ukirudi, rudi vivyo hivyo, kidogo kidogo. Maji hayo yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza, klorini ipungue, au utie dawa ya kuiondoa.