Shule ya Pumzi

Mtu afundishaye lugha kwa miaka mingi hupatwa na kiburi cha namna yake. Hudhani kuwa kila jambo lenye jina amekwisha kulijua, na kila lisilo na jina halimhusu. Kiburi hicho nilikuwa nacho mimi, na kilivunjwa barazani kwa mama yangu, Chokocho, na msichana aniitaye mjomba.

Chokocho ni kijiji cha kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Mbele yake ni bahari, na ng'ambo ya maji kiko Kisiwa Panza. Watu wake ni wavuvi na wakulima, na msimu wa karafuu ukifika kila mwenye mikono huingia kazini. Nilizaliwa huko, nikaondoka kwenda kutafuta elimu. Kila niliporudi nilikuja na cheti kipya, na kila niliporudi mazungumzo yangu na mama yalikuwa mafupi kuliko ya safari iliyotangulia.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mwanafunzi wa kemia ya viumbe hai katika chuo kikuu. Mwaka ule alichaguliwa kwenda Ulaya kwa wiki moja katika shule iitwayo ya kiangazi, inayofundisha fiziolojia ya mitokondria na nishati ya seli. Shule za namna hii si ngeni kwa wanasayansi. Jumuiya ya Fiziolojia ya Mitokondria, kwa mfano, imepata kuziandaa katika nchi mbalimbali. Wanafunzi wachache hukusanywa pamoja na mabingwa wao. Asubuhi husikiliza mihadhara, mchana hushika vyombo, na usiku hubishana mezani. Aliporudi alikuja Chokocho kumwamkia bibi yake, nami nilikuwapo kwa likizo.

Neno kiangazi lilikuwa la kwanza kutushinda. Kiangazi cha Ulaya huangukia Juni, Julai na Agosti, na miezi hiyo kwetu ni kipupwe: kusi inavuma, asubuhi zina baridi, na wazee hujitanda mashuka barazani.

"Umekwenda shule ya kiangazi wakati wa kipupwe?" mama alicheka. "Na mlisomeshwa nini huko?"

"Fiziolojia ya mitokondria, bibi."

"Ndiyo nini?"

Msichana alinitazama. Nami, daktari wa Kiswahili, nilijibu kwa sauti ya darasani kuwa ni taaluma ya mabadiliko ya nishati ndani ya seli. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nimeuliza kwa Kiswahili, nawe umenijibu kwa Kiswahili, na sikufahamu hata kidogo. Basi aliyepotea kati yetu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Mpwa wangu alisoma sayansi yake kwa Kiingereza tangu sekondari, kama wasomavyo vijana wetu wote, na hakupata siku hata moja kulazimika kumweleza mtu ampendaye anachokisoma. Nami nimepata kushiriki katika kuunda istilahi, na kila istilahi tuliyokubaliana niliihesabu kuwa daraja lililokwisha kujengwa. Usiku ule nilitambua kuwa madaraja yangu yalisimama katikati ya mto, hayakugusa ukingo wowote.

"Anzeni na nikijuacho," mama aliamuru. Kwa hiyo, baada ya sala ya isha, kwa muda wa siku saba, baraza yetu iligeuka shule. Vijana watano waliokuwa likizoni kutoka vyuo vya Unguja na bara walijiunga, pamoja na jirani mmoja, mzamiaji wa pweza, aliyekuja kwa ajili ya kahawa akabaki kwa ajili ya maneno.

Tulianza na pumzi. Mpwa wangu aliuliza hewa ikiingia kifuani huenda wapi. Mzamiaji alisema kuwa akaaye chini ya maji husikia kwanza kifua kikimvuta juu, na akizidi kukaidi, miguu nayo huwa mizito. "Ni kweli," msichana alisema, "kwa kuwa miguu nayo inapumua. Kifua ni mlango tu. Mpumuaji hasa ni kila seli ya mwili." Akaeleza kuwa ndani ya seli mna vijumba vidogo mno, ambavyo mwaka 1898 Carl Benda, Mjerumani, alivipa jina la mitokondria kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki, moja la uzi na moja la punje.

"Uzi na punje," mama alisema. "Hayo nayafahamu."

Usiku wa pili tulipata wachukuzi. Chakula kikivunjwavunjwa hutoa chembe ziitwazo elektroni, nazo hupokezanwa katika utando wa mitokondria mkono hadi mkono, kama magunia ya karafuu katika safu ya wachukuzi. Wa mwisho katika safu huikabidhi oksijeni mzigo huo, nayo hugeuka maji. Njiani, nguvu ya kupokezana husukuma chembe nyingine, protoni, upande wa pili wa utando, zikajazana kama maji yaliyozuiwa na boma. Zikirudi hupita katika lango jembamba lenye gurudumu, na mzunguko wa gurudumu hilo ndio utengenezao ATP, sarafu ambayo kwayo kazi za mwili hulipwa. Rai hii ya protoni aliitoa Peter Mitchell, Mwingereza, mwaka 1961, na wengi waliikataa. Alihamia nyumba ya shamba karibu na Bodmin, mbali na vyuo vikuu, akaendelea na utafiti wake huko, hata mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel. Kijana mmoja aliitazama baraza yetu na taa yake, akasema, "Basi hata hapa panatosha."

Usiku wa tatu mpwa wangu alieleza alichokifanya kwa mikono yake. Katika shule ile walipewa chombo cha kioo kisichojaa nusu kijiko cha chai. Ndani yake mlikuwa na seli hai, na kando yake kipimo cha oksijeni cha namna iliyobuniwa na Leland Clark, Mmarekani, katika miaka ya 1950. Kioo cha kompyuta kilichora mstari ulioonyesha kasi ya seli kupumua. Walitia chakula, mstari ukapanda. Kisha walitia sumu moja baada ya nyingine, kila moja ikimzuia mchukuzi mmoja, ili ijulikane kazi ya kila mmoja wao. Mwishoni walitia sianidi, ambayo humfunga mikono mchukuzi wa mwisho.

"Mstari ukalala," alisema. "Oksijeni ilikuwa tele chomboni, lakini hapakuwa na wa kuikabidhi mzigo. Seli zilikosa pumzi katikati ya hewa."

"Sumu hiyo hupatikana wapi?" mama aliuliza.

"Hata katika muhogo mchungu, bibi."

Baraza ilikuwa kimya. Msichana hakujua sababu ya kimya hicho, kwa kuwa hakuwa amezaliwa, na nyumbani kwetu jambo lile halisemwi. Nilikuwa na umri wa miaka saba, na mdogo wangu minne. Ilikuwa masika ya dhiki. Vyombo havikutoka baharini kwa siku nyingi, na samaki hawakuonekana. Mama alichimba muhogo mchungu uliokusudiwa kufanywa makopa, akaumenya, akauchemsha, akatupa. Mimi nilikula kidogo kwa kuuchukia uchungu wake. Yeye alikuwa na njaa, akala. Usiku alitapika, pumzi zake zikaenda mbio, na alfajiri haikumkuta. Wengine walisema ni jini, wengine walisema ni kijicho cha watu, na wengine walinong'ona juu ya mkono wa mama. Mama hakubishana na mtu. Tangu mwaka ule muhogo mchungu haukupandwa tena katika shamba lake.

"Niliuchemsha," mama alisema taratibu. "Uliiva. Kwa nini?"

Mpwa wangu alielewa, na machozi yalimlenga. Nilitaka kuizuia shule pale pale. Niliogopa kwamba elimu yetu ingemzika mtoto mara ya pili. Lakini mama alikuwa amemkazia macho, na swali lake lilikuwa limengoja zaidi ya miaka thelathini.

Msichana alijibu kwa Kiswahili alichojifunza siku zile tatu. Sumu ya muhogo, alisema, imefungwa ndani ya kitu kiitwacho linamarini. Muhogo wenyewe una kimeng'enya cha kuifungua, nacho hufanya kazi muhogo unaposagika, unapokwaruzwa au unapolowekwa, na sumu ikatoka kwa maji na hewa. Moto ukija mapema hukiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Sumu hubaki imefungwa, ikafunguliwa tumboni. Mwili nao una kinga: ndani ya mitokondria zile zile mna kimeng'enya kinachoitia sianidi salfa na kuidhoofisha, ikatoka kwa mkojo. Salfa hiyo hutokana na protini, kama ya samaki. Mtoto mdogo, mwenye njaa, asiyeonja samaki kwa siku nyingi, huwa na kinga ndogo. "Wala siwezi kusema kwa hakika, bibi, kuwa ndiyo iliyomwua. Hakuna aliyepima."

Ndipo kijana mmoja alipotaja konzo, maradhi ya miguu yaliyoelezwa huko Kongo mwaka 1938, ambayo jina lake katika Kiyaka huashiria miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 yaliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Na mwaka 1985, baada ya ukame, yalitokea Tarime, katika nchi yetu. Wengi wa walioathirika walikuwa wanawake na watoto, na ulemavu wake hauponi. "Watu wale walijua kuutayarisha muhogo kama mama zao walivyojua," alisema. "Njaa iliwapunguzia siku."

Mama alikaa kimya mpaka kahawa ikapoa. Kisha akasema, "Miaka yote hii siku nyingine nilidhani ni jini, na siku nyingine nilidhani ni mimi. Sasa najua kuwa ni njaa, na mimi kidogo. Mzigo huo naweza kuubeba."

Usiku wa nne mwalimu alikuwa yeye. Alieleza namna ya kuutambua muhogo mchungu, kuumenya, kuukata, kuuloweka mpaka ulainike, kumwaga maji, kuuanika juani mpaka ukauke kabisa, ndipo utwangwe. Wanafunzi waliandika. Mpwa wangu alikuwa wa kwanza kuona kuwa kila hatua ya bibi yake ilikuwa ya kukifungulia njia kimeng'enya na kukipa muda.

Usiku wa mwisho aliongeza jambo moja. Mitokondria zina chembe zao za urithi, ambazo kwa binadamu zilisomwa zote mwaka 1981, herufi 16,569, na mtoto huzipata kwa mamaye.

"Basi na yule mdogo alikuwa na uzi wangu?" mama aliuliza.

"Alikuwa nao, bibi. Na mjomba anao, lakini hawezi kumpa mtoto wake. Mimi ninao, na nitampa wangu."

Mama alijitanda shuka lake vizuri, akaomba tumsomee marehemu Fatiha.

Nami nilipata kazi yangu. Niliwaambia vijana kuwa pumzi, kupumua na kupumzika ni maneno ya shina moja, na kwamba shule ya wakati wa likizo, ambayo haina kiangazi hapa kwetu, tungeweza kuiita shule ya mapumziko. Walikubali. Mama alilifupisha jina hilo mara moja kuwa shule ya pumzi, na hivyo ndivyo linavyotumika Chokocho mpaka leo. Tangu hapo sipitishi istilahi kabla ya kujiuliza ni nani nyumbani atakayeambiwa neno hilo, na litamfaa kwa kitu gani.

Kipupwe kilichofuata nilimkuta mama barazani na bibi arusi wa jirani, mbele yao ungo wa muhogo. Msichana yule alikuwa na haraka ya kuuanua kabla haujakauka.

"Uache," mama alimwambia. "Ukiufanyia haraka humfunga mikono mchukuzi wa mwisho." Kisha alimsogezea kibao akae, akaanza kumweleza tangu mwanzo.