Kingo za Mto, Kingo za Picha

Mto Tana unapovunja kingo zake, jamaa walio Mombasa na Nairobi hupata habari kwa picha kabla ya kuzipata kwa maneno. Mafuriko ya 1997 na 1998 hayakuwa na bahati hiyo. Yale ya 2018 na 2024 yalikuwa nayo. Mkulima wa Kipokomo katika wadi ya Kinakomba hahitaji tena kamera, kompyuta wala safari ya studio. Akiwa kando ya maji, huipiga picha migomba iliyozama, huihariri kwa ncha ya kidole katika programu kama Snapseed, kisha huituma kwa WhatsApp. Jamaa wakiiona ndipo huamua watume fedha kiasi gani.

Hapo ndipo uhariri unapokuwa jambo zito. Maji ya Tana hubeba udongo. Rangi yake ni ya tope. Chujio la rangi likiyafanya ya samawati, shamba lililoangamia hufanana na ziwa la watalii. Aidha, picha ikipunguzwa kingo ili migomba ipendeze, huenda shina la mwembe lenye alama ya kina cha maji likakatwa, na pamoja nalo kipimo pekee cha maafa. (Wanaisimu wanaotafuta istilahi ya kitendo hiki wangewauliza wakulima: wao hupogoa miembe kila mara, nao wanajua tawi lipi halikatwi.)

Tarehe ndiyo tatizo kubwa zaidi. WhatsApp huibana picha na kuiondolea taarifa zilizofichika za siku na mahali ilipopigwa. Kwa hiyo, picha ya 2018 yaweza kusambazwa mwaka 2024 kana kwamba ni ya jana, na anayezama kweli akashukiwa kuwa mwongo. Ikitumwa kama faili taarifa hizo husalia, ila hula bando zaidi. Njia rahisi ni kuandika jina la kijiji na tarehe juu ya picha yenyewe, kwa programu ileile inayong'arisha anga.

Picha asilia, isiyoguswa, husalia katika rununu kama shahidi. Lakini nafasi ya kuhifadhia ni finyu, na ikijaa, hiyo ndiyo inayofutwa kwanza, kwa kuwa ndiyo nzito.